Hugh Trowell: daktari wa Mulago na fumbo la mtoto anayeshiba lakini hakui

Songwe si mkoa wa kulala njaa. Tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umehesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha nchi: mahindi na maharage ya Mbozi, mpunga wa Kamsamba, na malori ya nafaka yanayopanga foleni Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu wa chini ya miaka mitano mkoani humu amedumaa, yaani ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 30. Kwa majirani zetu wa Rukwa, ambao nao ni wakulima wakubwa wa mahindi, ilikuwa karibu nusu ya watoto.

Inawezekanaje ghala lijae na mtoto asikue? Swali hilo lina karibu miaka mia katika Afrika Mashariki. Mmoja wa watu waliohangaika nalo kwa muda mrefu zaidi, na akakosea jibu zaidi ya mara moja kabla ya kulikaribia, ni daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30: Hubert Carey Trowell, aliyefahamika zaidi kwa jina la Hugh.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na kusomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas' jijini London. Mwaka 1929 alimwoa Margaret Sifton, msichana aliyesomea uchoraji, na mwaka huohuo wakasafiri kwenda Kenya, yeye akiwa ameajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Sehemu ya miaka hiyo waliishi Machakos, katika nchi ya Wakamba.

Huko Kenya ndiko alikoanza kuona watoto ambao picha yao hakuisahau. Walikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hivi. Miguu imevimba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zimepoteza weusi na kuwa nyepesi, za rangi ya kutu. Ngozi imebabuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Uso umejaa, mashavu yameshuka, na mtoto hataki kucheza, hataki kula, hataki kuguswa. Analalama tu kwa sauti ya chini. Wengi walifia wodini.

Kwa kuwa watoto hawa walionekana wamejaa badala ya kukonda, hakuna aliyefikiria chakula. Madaktari wa wakati ule waliwaza minyoo ya safura, maana safura nayo huvimbisha. Uganda waliwaza kaswende ya kurithi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu kubwa ya kaswende na iliiona kila mahali. Mtoto alipewa dawa ya minyoo, minyoo ikatoka, na mtoto akafa.

Mulago, na jina lisilokuwa lake

Mwaka 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako pia alifundisha madaktari wa Makerere. Makerere wakati huo ndiyo ilikuwa shule ya Afrika Mashariki nzima, na vijana wa Tanganyika waliotaka kuwa madaktari walipanda kwenda huko. Kwa hiyo alichokiamini Trowell darasani hakikubaki Kampala.

Na alichokiamini mwanzoni hakikuwa sahihi. Mwaka 1937 aliandika katika jarida la magonjwa ya watoto la Uingereza kwamba watoto hawa wana pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili unaowapata watu wazima wanaoishi kwa mahindi. Aliyekuwa bingwa wa pelagra wakati huo, Hugh Stannus, alikuwa amewahi kufanya kazi Nyasaland, ng'ambo tu ya mto Songwe, na kuuona ugonjwa huo kwa wafungwa. Neno lake lilikuwa na uzito London.

Kulikuwa na sauti nyingine ambayo haikuwa na uzito huo. Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika mwaka 1893, alipelekwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929. Mjini Accra aliona watoto walewale. Tofauti ni kwamba yeye aliwauliza wenyeji. Katika lugha ya Kiga aliambiwa ugonjwa una jina lake la siku nyingi: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Mwaka 1933 Williams aliandika kwamba huu ni ugonjwa wa lishe, unaohusiana na watoto kulishwa mahindi karibu peke yake. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, alilitumia jina lenyewe la Kiga na kusisitiza kwamba si pelagra. Stannus alimpinga, na kwa miaka kadhaa wakubwa wa tiba walikuwa upande wa Stannus. Trowell naye alikuwa huko.

Kilichomtoa si hoja za maandishi bali vitanda vya Mulago. Mwishoni mwa miaka ya 1930 iligunduliwa vitamini inayotibu pelagra. Ikaletwa, ikajaribiwa kwa watoto. Mtu mzima mwenye pelagra huipata nafuu yake upesi. Watoto wa Mulago hawakuipata. Kama dawa ya ugonjwa haitibu, basi ugonjwa ni mwingine.

Ilikuwapo na hoja ya pili, ambayo pengine ndiyo inayotuhusu zaidi huku kwetu. Accra watu walikula mahindi. Waganda chakula chao kikuu kilikuwa matoke, ndizi za kupika. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kwa hiyo kosa halikuwa la mahindi wala la ndizi. Lilikuwa katika kile ambacho hakikuwekwa pembeni ya mahindi na ndizi. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na likijazwa uji mwepesi au ugali mtupu linashiba kabla mwili haujapata protini, mafuta, madini na vitamini unavyovihitaji ili ukue. Analala ameshiba, na mwili wake una njaa.

Mwaka 1945 Trowell, pamoja na daktari Mganda Eria Muwazi, walichapisha maelezo ya kina ya ugonjwa huo wakiuita utapiamlo mbaya, na jina la pelagra likaachwa. Mtaalamu wa maiti wa Mulago, J. N. P. Davies, alionyesha jinsi kongosho la watoto waliokufa lilivyokuwa limenyauka. Kongosho ndilo linalotengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Likichoka, hata chakula kizuri kikifika kinapita bila faida. Kisha akaja R. F. A. Dean kutoka Uingereza kuongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yakitolewa kwa vipimo na kwa uangalifu, yalipunguza vifo sana. Mwaka 1954 watatu hao, Trowell, Davies na Dean, walitoa kitabu kilichoitwa Kwashiorkor. Jina lilikuwa lile la akina mama wa Accra, lililotolewa na Cicely Williams miaka karibu 20 nyuma.

Mzani unaposema uongo

Katika kazi hiyo kuna jambo ambalo kila mzazi anayepeleka mtoto kliniki angefaa kulijua. Mtoto mwenye unyafuzi, ndilo jina la Kiswahili la ugonjwa huu, anaweza kupandishwa kwenye mzani na kuonekana ana uzito wa kuridhisha. Maji yaliyojaa mwilini nayo yanapimwa. Akianza kupona, uzito wake hushuka kwanza, kwa sababu maji yanatoka, ndipo baadaye unapanda kwa nyama ya kweli. Mama ambaye hajaelezwa hili huona mtoto anapungua hospitalini na kutaka kumrudisha nyumbani.

Ndiyo sababu mhudumu wa afya hatazami uzito wa siku moja tu. Anabonyeza miguu yote miwili kuona kama shimo linabaki. Anafunga utepe wa rangi kwenye mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na kati ya hapo na 12.5 ni onyo. Kipimo hicho cha mkono kilipigiwa debe sana na Derrick Jelliffe, profesa wa magonjwa ya watoto Makerere katika miaka ya 1960. Kisha kuna kadi yenye mistari ya ukuaji, ambayo chimbuko lake ni kazi ya daktari David Morley katika kijiji cha Imesi, Nigeria. Siri ya kadi ni kwamba haitaki kujua mtoto ana kilo ngapi leo. Inataka kujua mstari wake unaelekea wapi. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda kila mwezi hana wasiwasi kama mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi mitatu.

Mstari huo huanza siku ya kuzaliwa. Mtoto anayezaliwa na chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, ama kwa kuwa amewahi kabla ya miezi kutimia, ama kwa kuwa hakukua vizuri tumboni. Kwa kawaida mtoto huongeza uzito wake mara mbili kufikia miezi mitano au sita, na mara tatu akitimiza mwaka. Anayeanza na kidogo ana safari ndefu zaidi, na maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza ndiyo yanayomfikisha. Shida kubwa huja baada ya hapo, uji unapoanza. Hapo ndipo watoto wa Trowell walipokuwa wakianguka.

Wapo wanaosema watoto wetu ni wadogo kwa asili na tusiwapime kwa vipimo vya Wazungu. Mistari inayotumika sasa ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliokuwa wakinyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Ilionekana kuwa katika miaka mitano ya kwanza walikua karibu sawa. Asili inaanza kusema baadaye. Utotoni kinachosema ni chakula na magonjwa.

Akina mama walilijua

Wakati madaktari wakibishana kati ya safura, kaswende na pelagra, bibi za Buganda walikuwa na jina lao, obwosi, hali ya mtoto anayedhoofika kwa sababu mama yake amepata mimba nyingine. Kwetu Tanzania utasikia kwamba mtoto amebemendwa, kwa kuwa wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa. Maelezo ya sababu yanatofautiana na ya hospitali, na neno kubemenda limeumiza akina mama wengi kwa kuwatia aibu hata wakachelewa kumpeleka mtoto kutibiwa. Lakini tazama yote matatu, la Accra, la Kampala na la kwetu, yanaelekeza kidole mahali pamoja: mimba iliyofuata haraka na mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Ni maarifa yaliyokuwa uani, hatua chache kutoka wodini. Williams aliyaokota mapema kwa sababu aliuliza. Kwa maoni yangu, hii ndiyo tofauti kubwa kati yake na Trowell, si akili wala bidii.

Hata ushindi wa maziwa ulikuja na tatizo lake. Mama aliyeona mtoto wake akifufuka Mulago kwa maziwa ya unga aliondoka akiamini kwamba unyafuzi ni ugonjwa wa hospitali na dawa yake ni unga mweupe wa kopo. Wengine wakaanza kununua maziwa na chupa, wakayachanganya na maji mengi yasiyochemshwa ili yadumu, na watoto wakapata kuhara. Jibu lilikuja mwaka 1965, Trowell akiwa ameshaondoka, Jelliffe na wenzake walipoanzisha kituo cha Mwanamugimu hapo Mulago. Mama alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe, kwa vyakula vya shambani na sokoni kwake. Mlo uliofundishwa uliitwa ekitobero: chakula kikuu, maharage au karanga, mboga, na kidogo cha samaki au nyama au yai ikipatikana, vyote vikipikwa pamoja na kupondwa. Hakuna kopo. Vitu hivyo, Mbozi na Momba, vipo: maharage, karanga, na dagaa gengeni. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku wakati mama yuko shambani au mpakani akitafuta riziki.

Tuwe wakweli pia kuhusu pale Trowell na wenzake walipovuka mpaka. Walisisitiza protini mno, na mashirika ya dunia yakatumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta vyakula maalumu vya protini, wakati watoto wengi walihitaji tu chakula zaidi, mafuta, na kupungukiwa na magonjwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wengine walilikosoa hilo kwa ukali. Na fumbo halijaisha. Malawi, watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba pacha mmoja anaweza kupata unyafuzi na mwenzake, wa nyumba moja na sufuria moja, asipate. Bakteria wa utumboni walionekana kuwa na mkono katika jambo hilo. Kwa nini mtoto mmoja avimbe na mwingine akonde, bado watu wanabishana.

Margaret, na maisha ya pili

Huwezi kusimulia habari za Hugh ukamwacha Margaret. Wakati mumewe akiwa wodini, yeye alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwao Mulago, na darasa hilo likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere inayobeba jina lake hadi leo. Alitaka wanafunzi wachore maisha yao wenyewe, si kunakili Ulaya. Miongoni mwao alikuwa Sam Ntiro wa Machame, mchoraji ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Tanganyika jijini London, na Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro. Ukiwauliza wapenda sanaa wa Afrika Mashariki, Trowell wanayemjua ni huyu mama.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanandoa hao walirudi Uingereza na Hugh akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana, akihudumu parokia ya Stratford-sub-Castle karibu na mji wa Salisbury. Kabla ya hapo alikuwa amekusanya maelezo kuhusu magonjwa ambayo hakuyaona Mulago kwa miaka mingi. Shinikizo la juu la damu, kisukari cha ukubwani, mshtuko wa moyo, vilikuwa nadra mno hata mgonjwa mmoja wa moyo aliyepatikana katikati ya miaka ya 1950 alistahili kuandikiwa makala. Mwaka 1960 aliyatoa hayo katika kitabu.

Alipostaafu ukasisi aliyarudia, safari hii na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye naye alifanya kazi Mulago. Wawili hao walisema kwamba nafaka iliyokobolewa, iliyopoteza makapi yake, ina mchango katika magonjwa ya watu walioendelea. Mwaka 1972 Trowell ndiye aliyeeleza upya maana ya nyuzinyuzi za chakula katika tiba. Kila anayeshauriwa leo na daktari wa Vwawa au Tunduma aache sembe nyeupe arudie dona, anapewa ushauri ambao mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliousukuma.

Trowell aliyaona magonjwa hayo mawili, la mtoto asiyekua na la mtu mzima mwenye kisukari, kama habari mbili. Aliyeziunganisha ni mtu mwingine aliyepitia Uganda, David Barker, aliyekuwa huko akichunguza vidonda vya Buruli hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliporudi Uingereza, Barker alipata madaftari ya wilaya ya Hertfordshire ambamo tangu mwaka 1911 wauguzi waliandika uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka. Akawatafuta watoto hao wakiwa wazee. Makala yake ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo, na waliokuwa wadogo walipotimiza mwaka, ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwili ulionyimwa mapema hujipanga kwa uhaba, na uhaba ukija kugeuka wingi, unashindwa.

Hoja hiyo imezua mabishano yake, lakini imewafanya wataalamu wa nchi kama yetu wautazame uzito wa mtoto mchanga kwa jicho jingine, hasa katika miji kama Tunduma ambako soda, chipsi na unga mweupe vimefika kabla udumavu haujaondoka.

Margaret alikufa mwaka 1985. Hugh Trowell alimfuata mwaka 1989, mwaka uleule makala ya Barker ilipotoka. Mwanamugimu bado ipo Mulago, inapokea watoto.